Je, Wajua Kwa Nini Wasifu wa Kazi wa Siku Hizi Hausimulii Maisha Yako Yote?

Mwaka 2012, TheLadders, kampuni ya Marekani inayoendesha tovuti ya kutafutia kazi, ilitumia vifaa vya kufuatilia mwendo wa macho ili kuchunguza namna maofisa uajiri 30 walivyosoma wasifu wa waombaji. Ilibainika kwamba ofisa alitumia takriban sekunde 6 kuamua kama mwombaji anafaa kufikiriwa zaidi au la, na kwamba karibu asilimia 80 ya muda huo macho yake yalitua mahali pachache tu: jina, cheo na mwajiri wa sasa, cheo na mwajiri wa awali, tarehe za kuanza na kumaliza kazi hizo, na elimu. Uchunguzi uliporudiwa mwaka 2018, wastani ulikuwa sekunde 7.4.

Takwimu hizo zinahitaji tahadhari kidogo, kwa sababu watu 30 si wengi, na kampuni yenyewe imo katika biashara ya ajira. Aidha, sekunde hizo ni za mtazamo wa kwanza, wala hazimaanishi kwamba hakuna anayesoma wasifu hadi mwisho. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kukabidhiwa maombi mia mbili kwa nafasi moja ataelewa zilikotoka. Katika hatua hiyo ofisa hasomi, bali anachuja, huku akiwa na swali moja kichwani: je, mtu huyu amewahi kufanya kazi hii, au inayokaribiana nayo, na kwa kiwango gani? Karibu kila kanuni ya wasifu wa kisasa inatokana na swali hilo.

Ndiyo maana tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, shule ya msingi na mambo apendayo mwombaji, ambayo zamani yalijaza nusu ya ukurasa wa kwanza, yameondolewa au yamesukumwa chini kabisa. Nafasi hiyo ya juu sasa ni ya jina, namba ya simu, baruapepe, na muhtasari wa mistari mitatu au minne, kisha uzoefu wa kazi ukianzia na kazi ya karibuni kurudi nyuma. Muhtasari wenyewe ndio unaowashinda wengi. Mtu huandika kwamba yeye ni mchapakazi, anayejituma, mwenye uwezo wa kufanya kazi bila kusimamiwa na katika mazingira magumu, maneno ambayo waombaji wengine wote wameyaandika vilevile na ambayo hayawezi kuthibitishwa na yeyote. Linganisha na huu: "Mhasibu mwenye uzoefu wa miaka sita katika mashirika yasiyo ya kiserikali, aliyesimamia hesabu za miradi mitatu ya wafadhili kwa wakati mmoja." Muhtasari huu haujisifu hata kidogo, lakini msomaji ameshajua aanze kutafuta nini katika mistari inayofuata.

Wazo la kumwandikia msomaji kile anachokihitaji si la leo. Mnamo mwaka 1482 hivi, Leonardo da Vinci alimwandikia Ludovico Sforza, mtawala wa Milan, barua ya kuomba kazi ambayo rasimu yake ingalipo. Leonardo alikuwa amefunzwa uchoraji mjini Florence, lakini aliijaza barua hiyo habari za madaraja mepesi ya kubebeka, mbinu za kuzingira ngome, mizinga na magari ya kivita. Uchongaji na uchoraji aliuweka mwishoni, kama mambo ambayo angeweza pia kuyafanya wakati wa amani. Alijua kwamba mtawala yule alikuwa na maadui wa kukabiliana nao.

Sehemu ya uzoefu wa kazi ndiyo inayostahili muda wako mwingi, na hapo ndipo kosa moja hujirudia kuliko mengine yote: mwombaji hunakili majukumu yake kutoka katika mkataba. Tuseme mtunza stoo ameandika, "Nilihusika na utunzaji wa stoo na kuhakikisha bidhaa zinapokelewa na kutolewa kwa utaratibu." Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini ingeweza kuandikwa na mtunza stoo bora kuliko wote na vilevile na yule aliyefukuzwa kwa uzembe. Sasa aandike hivi: "Nilisimamia stoo yenye aina 1,400 za vipuri, nilianzisha hesabu ya kila Ijumaa, na ndani ya miezi minane upotevu ukashuka kutoka asilimia 6 hadi 2." Hapo tunaona ukubwa wa kazi, hatua aliyoichukua mwenyewe, na matokeo yake. Kitenzi nacho kimebadilika, maana "nilihusika" humficha mtendaji, ilhali "nilianzisha" humweka mbele.

Wengi hulalamika kwamba kazi zao hazina takwimu. Malalamiko hayo mara nyingi si sahihi, kwa kuwa ukubwa wa kazi ni takwimu pia hata pale ambapo matokeo hayakupimwa. Mwalimu anajua alifundisha madarasa mangapi na yalikuwa na wanafunzi wangapi. Mhudumu wa mapokezi anaweza kukadiria wageni aliowapokea kwa siku. Dereva anajua ameendesha gari la tani ngapi, kwa miaka mingapi, na kama amewahi kupata ajali. Pasipo na namba kabisa, jambo mahususi huweza kushika nafasi yake: kwamba ni wewe uliyeachiwa ofisi mkuu wako alipokuwa likizo, au kwamba utaratibu ulioubuni ungali unatumika baada ya wewe kuondoka. Jambo lisilovumilika ni namba ya kubuni, kwa sababu itaulizwa kwenye usaili, na anayeuliza kwa kawaida anaifahamu kazi hiyo vizuri.

Kabla ya jicho la binadamu, hata hivyo, huenda wasifu ukapita mikononi mwa msomaji mwingine. Waajiri wakubwa hupokea maombi kupitia mifumo ya kompyuta ambayo hunyofoa maandishi kutoka katika faili, huyapanga katika visanduku vya jina, mwajiri, cheo na tarehe, kisha humwezesha ofisa kutafuta kwa maneno kama anavyotafuta kwenye intaneti. Yapo madai yaliyoenea kwamba mifumo hiyo hutupa idadi kubwa ya wasifu bila binadamu kuuona. Uhalisia ni wa kawaida zaidi: kinachomwondoa mtu moja kwa moja aghalabu ni majibu yake kwa maswali ya mchujo yanayoulizwa kwenye fomu, kwa mfano kama ana leseni inayotakiwa, ilhali wasifu wenyewe hubaki kwenye hifadhi. Tatizo ni kwamba wasifu ulionyofolewa vibaya haujitokezi ofisa anapotafuta, na usiojitokeza hausomwi.

Unyofoaji huharibika hasa kwa sababu ya mapambo. Chukua wasifu uliogawanywa katika safu mbili, kushoto kukiwa na ujuzi na lugha, kulia kukiwa na historia ya kazi. Binadamu huona safu mbili, lakini baadhi ya programu husoma mstari mzima kutoka kushoto hadi kulia, na matokeo yake huwa kitu kama "Kiswahili Mhasibu Mwandamizi Kifaransa 2019 hadi 2023". Maelezo yaliyowekwa kwenye kichwa cha ukurasa, ndani ya majedwali au ndani ya picha huweza kurukwa kabisa. Nyota nne kati ya tano zinazoonyesha ujuzi wa lugha hazisomeki kwa mashine, na kusema kweli hazimwelezi chochote hata binadamu, kwani hakuna ajuaye nyota ya tano ingekuwa nini. Ipo njia rahisi ya kujipima: fungua faili lako la PDF, nakili maandishi yote, uyabandike kwenye programu ya maandishi matupu. Yakitoka kwa mpangilio unaoeleweka, mashine nayo huenda ikayaelewa.

Kwa kuwa utafutaji hufanywa kwa maneno, tumia maneno ya tangazo la kazi pale yanapoeleza jambo ulilolifanya kweli. Ikiwa tangazo linasema "huduma kwa wateja", usiandike "mahusiano na wadau wa nje" kwa kudhani kwamba yanapendeza zaidi. Baadhi ya watu hujaribu kuizidi akili mashine kwa kujaza maneno ya tangazo kwa rangi nyeupe ili yasionekane kwenye karatasi nyeupe. Mfumo ukishanyofoa maandishi, rangi hupotea, na ofisa huyaona maneno hayo yote yakiwa yamerundikana chini ya ukurasa.

Picha, umri na dini vimeondolewa kwenye wasifu katika nchi nyingi kwa sababu nzito kuliko ufinyu wa nafasi. Mwaka 2004 wanauchumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya jaribio ambalo walituma karibu wasifu 5,000 wa kubuni kwa waajiri wa Boston na Chicago. Ule uliokuwa na majina yanayonasibishwa na Wazungu uliitwa kwenye usaili kwa asilimia 50 zaidi ya ule wenye majina yanayonasibishwa na Wamarekani weusi, ingawa sifa zilifanana. Mashine nazo hazikusalimika: mwezi Oktoba 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba kampuni ya Amazon iliachana na programu ya majaribio ya kupima wasifu wa waombaji, iliyojifunza kutokana na wasifu wa miaka kumi, mwingi ukiwa wa wanaume, na ambayo ilianza kuushusha hadhi wasifu wenye dalili za wanawake. Kwa hiyo, taarifa isiyohusu kazi ni afadhali isiwepo, isipokuwa tangazo limeitaka.

Mengine ni mepesi. Ukurasa mmoja humtosha anayeanza kazi na mbili humtosha mwenye uzoefu. Wanataaluma wa vyuo vikuu, ambao huorodhesha machapisho, wana utaratibu wao. Faili liitwe kwa jina lako na cheo unachokiomba. Wadhamini waandikwe pale tu wanapotakiwa, na wawe wameombwa ridhaa kwanza. Mhitimu asiye na ajira ya nyuma atangulize elimu, kisha mafunzo kwa vitendo, kazi za kujitolea na mradi wa mwisho wa masomo, akiyaeleza kwa namna ileile ya ukubwa, hatua na matokeo. Mwenye pengo la mwaka mmoja au miwili asilifiche kwa kuvuta tarehe, kwa sababu tarehe ni miongoni mwa mambo ambayo macho huyatafuta mwanzo. Mstari mmoja unaosema alikuwa akimuuguza mzazi au akisoma unatosha.

Je, inabidi kuandika wasifu upya kwa kila tangazo? Si wote. Walio wazoefu hutunza faili moja kubwa lenye kila kazi, kila kozi na kila takwimu, hata likifika kurasa kumi, na hulijazia papo hapo jambo linapotokea, kabla namba hazijasahaulika. Tangazo likitoka, wanachagua humo yanayolihusu, wanayapanga upya kwa uzito wake, na kuurekebisha muhtasari. Faili kubwa lenyewe halitumwi kwa mtu yeyote.