Siri ya kuta za Mandawa imo katika lipu

Mandawa ni mji mdogo wa eneo la Shekhawati, katika jimbo la Rajasthan nchini India, uliokua kandokando ya ngome iliyoanzishwa mwaka 1755 na Nawal Singh, mtawala wa Kirajput aliyekuwa ameasisi mji jirani wa Nawalgarh mwaka 1737. Misafara ya ngamia kutoka bandari za Gujarat ilipita hapa, na wafanyabiashara wa Kimarwari wakajenga karibu na ngome. Karne ya 19, biashara ilipohamia Kolkata na Bombay chini ya Waingereza, wanaume waliifuata huko na kuleta fedha nyumbani. Ndizo zilizojenga haveli, yale majumba yenye ua wa nje wa wageni, ua wa ndani wa wanawake na kuta zilizojaa picha za kuchorwa.

Kazi yangu ni lipu za chokaa, nami huwasihi wanaokwenda Mandawa waitazame lipu kabla ya picha. Fundi alipaka tabaka kadhaa za chokaa, la mwisho likiwa laini kabisa, kisha akachora lingali bichi, akaligongagonga na kulisugua kwa jiwe la akiki mpaka likang'aa. Chokaa inapokauka hufyonza kaboni dioksidi hewani na kugeuka tena jiwe, na rangi hufungwa humo humo. Ndiyo maana kuta za nje zimestahimili jua na mvua kwa vizazi.

Rangi za awali zilikuwa masizi, nili na udongo mwekundu au wa njano. Baadaye zikaingia rangi za viwandani kutoka Ulaya, na ile buluu kali huonekana mara moja. Mada nazo zilibadilika: kando ya mungu Krishna na mashujaa wa Ramayana, utenzi mkuu wa Wahindu, yakatokea magari-moshi, na kwenye haveli ya Newatia kuna ndege ya ndugu Wright na mvulana mwenye simu.

Kinachoniumiza ni saruji. Nyufa zikizibwa kwa saruji, unyevu uliopanda kutoka msingini hukosa njia hapo, hutokea kwenye chokaa ya pembeni yenye picha, na chumvi yake ikiganda huibambua rangi vipandevipande. Vyumbani hali ni nyeti zaidi, kwani picha nyingi zilichorwa juu ya lipu kavu kwa rangi yenye gundi: kitambaa chenye maji kinachopitishwa kwa nia njema ya kusafisha huondoka na uso wa mtu.