Majani ya uani usiyachome: mboji ya wavivu inavyopatikana

Ukipita mitaa ya Dar asubuhi, iwe Tabata, Mbezi au Kigamboni, utasikia fagio za chelewa zinapiga uani halafu baada ya muda kidogo unasikia moshi. Watu wamefagia majani ya mwembe na ya mkungu, wamekusanya pembeni ya ukuta, wametia kiberiti. Na wengi wao hao hao ndo wananitumia picha za mchicha uliopauka wananiuliza waweke mbolea gani. Mi nimesomea udongo na kazi yangu ya kila siku ni bustani za majumbani, kwa hiyo jibu langu siku zote naanzia pale pale kwenye lile lundo la pembeni ya ukuta.

Jani likiungua, sehemu kubwa ya naitrojeni yake inapaa na moshi, salfa nayo vilevile, yanabaki majivu yenye potasiamu na kalsiamu. Majivu sio mabaya, lakini ile kaboni ambayo ingekaa ardhini ikashika maji imeshakwenda. Na kwa sisi wa pwani hapo ndo panapouma, maana udongo wetu mwingi ni kichanga, unamwagilia asubuhi, saa sita mchana umekauka, maji yameshapita chini yamebeba na ile mbolea ya dukani uliyonunua kwa hela yako. Kichanga kinahitaji kitu cha kushika maji, na kitu hicho kinadondoka chenyewe kutoka kwenye mwembe wako kila siku ya Mungu.

Tatizo watu wakisikia neno mboji, yaani mbolea ya majani yaliyooza, wanaogopa kazi. Wengi waliwahi kukaa kwenye semina wakafundishwa lile lundo la matabaka, tabaka la mabua, tabaka la majani mabichi, samadi, majivu kidogo, udongo, unarudia mpaka lifike kifuani, unachomeka ile fimbo ndefu ya kupimia joto, baada ya wiki 2 au 3 unageuza lote, halafu unageuza tena. Njia hiyo ni nzuri na siipingi hata kidogo. Mizizi yake iko kwenye kazi aliyofanya Albert Howard kule Indore, India, miaka ya 1920, kwenye kituo cha utafiti chenye mashamba, ng'ombe na vibarua. Lundo la namna hiyo likipangwa vizuri linapanda mpaka nyuzi 55 hadi 65, linaua mbegu za magugu na vimelea vingi, na ndani ya miezi mitatu hivi mkulima anapata mbolea ya msimu. Ni ya mtu anayesubiri kupanda ekari. Wewe una mwembe mmoja, mkungu getini, ukoka kidogo mbele ya baraza, na kesho unawahi daladala kwenda kazini. Huna msimu unaokukimbiza, kwa nini ujivunje mgongo?

Kuoza hakusubiri ugeuze. Hilo ndo nataka mtu aondoke nalo. Ukigeuza unaharakisha tu, usipogeuza linaoza vilevile ila taratibu, na kwa joto letu hata hiyo taratibu sio mbaya sana, nusu mwaka hadi mwaka kutegemea na majani gani.

Chukua lundo la majani ya mwembe lililokaa kivulini tangu masika, lifunue kwa mkono kwenye Desemba hivi. Juu ni majani makavu kabisa yanavunjika, utadhani yameanguka jana. Sentimita 10 chini yameshakuwa ya kahawia iliyokolea, yamegandana matatu manne, na ukiyabandua unaona katikati nyuzi nyeupe nyembamba zimetambaa, hizo ni kuvu, na ndo wanaoweza kumeng'enya lignini, ile sehemu ngumu ya jani inayowashinda bakteria wengi. Shuka tena unakuta jani limebaki mishipa mitupu kama wavu, jongoo wamejikunja pembeni, na chembechembe nyeusi kibao ambazo ni mavi ya hao jongoo. Chini kabisa linapogusa ardhi hakuna tena jani, kuna kitu cheusi chenye unyevu, nyungunyungu wanakimbilia ndani ukiwafunulia mwanga, na ukikinusa ni ile harufu ya mvua ya kwanza, ambayo kwa kweli inatengenezwa na bakteria wa udongo. Hakuna mtu aliyeshika beleshi hapo.

Sasa cha kufanya. Tafuta kona yenye kivuli, juu ya udongo wenyewe na sio juu ya zege, ili wadudu wapande kutoka chini na maji ya ziada yashuke. Usiliegemeze kwenye ukuta wa nyumba, mchwa wanapenda majani makavu na hutaki wapate daraja la kufikia milango na kenchi. Upana mita 1 kwa mita 1, kimo kiunoni, chini ya hapo linakauka haraka mno. Kizuizi chochote kinafaa, fito nne na waya wa kuku, matofali ya bloku yaliyopangwa bila saruji, hata makuti. Kama unafuga kuku, kizuizi ni lazima, kuku wakiliona wanalichakura lote siku moja, majani yanarudi uani upya na anayefagia anakasirika, na ana haki.

Maji ndo kitu kinachowashinda wengi. Jani kavu la mwembe au mkorosho lina nta, ukimwaga ndoo ya maji juu ya lundo yanateleza pembeni, juu panaonekana pamelowa ila ndani ni vumbi. Kwa hiyo lowesha kidogo kidogo wakati unatupia, au subiri mvua inyeshe ndo ukusanye yakiwa yamelowa tayari, hiyo ni rahisi zaidi. Kipimo chake ni konzi, ingiza mkono ndani, shika konzi ya majani ukamue kwa nguvu, yakitoka matone mawili matatu ni sawa, yasipotoka kitu ongeza maji, yakichuruzika acha kwanza. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa sana, ya kufulia yenye sabuni nyingi hapana. Ukitaka nikuchagulie mwezi wa kuanza nitakwambia Februari au mapema Machi, ili masika ya Machi mpaka Mei yakufanyie kazi ya kumwagilia bure, halafu kuanzia Juni kwenye kiangazi unalifunika na makuti au jamvi bovu na unalimwagia ndoo moja mbili kila wiki. Ukiweza kufanya hilo moja tu, mengine yote niliyoandika hapa unaweza kuyasahau.

Mchanganyiko nao usikuumize kichwa. Majani makavu yana kaboni nyingi naitrojeni kidogo, mabichi kama ukoka uliotoka kukatwa ni kinyume chake, na ukichanganya ndoo moja ya mabichi kwa ndoo mbili au tatu za makavu unakuwa sehemu nzuri. Huna mabichi? Konzi kadhaa za mbolea ya kuku au samadi. Huna na hiyo? Weka makavu matupu, yatachelewa tu. Kosa linalonuka ni kumwaga ukoka mbichi mwingi kwa mkupuo, unashikana unakuwa ute, hewa haiingii, na unaanza kutoa harufu kali ya mkojo. Dawa yake ni kuuvuruga na makavu, ndani ya siku chache harufu inakata.

Kuna majani na majani. Ya mwarobaini na ya mkungu yanaoza vizuri. Ya mwembe, mkorosho na ashoki ni magumu, hayo yakatekate, yatandaze chini upitishe mashine ya kukatia nyasi au uyapige panga kidogo, muda unapungua sana. Ya mvinje na mikaratusi mi huwa nashauri yawe na kona yake maana yanakawia, na ya mikaratusi yana mafuta yanayowasumbua wadudu wa kuozesha. Bogenvilia ukiipogoa usiitie humo, jani linaoza ila mwiba unabaki, siku unatumia mboji unachomwa kidole. Matawi mazito tupa nyuma ya uzio yafe polepole, au yatandaze chini kabisa kama kitanda cha lundo ili hewa ipite.

Halafu magugu. Lundo la kivivu halipati joto la kuua mbegu, hilo lazima ulijue. Ndago ndo adui mkubwa, vile vifundo vyake vya chini vinakaa humo vinakusubiri, na mizizi ya ukoka pia inachipua. Vikaushe kwanza juu ya zege juani mpaka vikatike vyenyewe, au vizamishe kwenye ndoo yenye mfuniko wiki kadhaa mpaka vioze ndo umwage. Nyanya iliyonyauka kwa ugonjwa usiweke kabisa, wala majani yaliyopigwa dawa ya kuua magugu, wala mavi ya mbwa na paka. Maganda ya jikoni weka ila yafukie katikati, na nyama, samaki na ugali viache nje maana panya watahamia. Na mwambie anayefagia atenge nailoni, vizibo na vichungi vya sigara pale pale kabla havijaingia, kuvitoa baadaye ni adhabu.

Wenye minazi naomba mnisikilize vizuri. Yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi, chonga, anataga mayai kwenye vitu vinavyooza, hasa magogo ya minazi iliyokufa na marundo ya samadi. Kwa hiyo kipande cha shina la mnazi kisiingie kwenye lundo, na kila baada ya miezi michache lifunue uangalie. Ukikuta funza mnene mweupe, mkubwa kama kidole gumba, amejikunja, mtupie kuku. Maganda ya madafu nayo yapasue kabla ya kuyaweka, dafu lililokaa wazi juu linakusanya maji ya mvua na linazalisha mbu wa homa ya denge, na Dar tumeshapata milipuko ya denge, 2014 na 2019, hatuhitaji mwingine. Nge na nyoka wanaweza kujificha humo, funua kwa reki kwanza, mkono baadaye.

Kama hata hilo lundo unaliona ni kazi, kuna njia ya shimo na migomba ambayo mi naipenda kuliko zote kwa huku kwetu pakavu. Chimba shimo la duara, upana kama mita moja na nusu, kina sentimita 60 hivi, udongo uliotoa uweke ukingo kuzunguka, na kwenye ukingo huo panda migomba minne au mitano, ukitaka chomeka na papai. Basi, kila ukifagia unatupa shimoni. Shimo linashika unyevu kuliko lundo la juu, yanaoza, yanashuka, unatupa tena, na migomba inajilisha yenyewe. Hubebi mboji kwenda popote. Sehemu ambayo maji yanatuama masika usichimbe, pale shimo litageuka bwawa.

Na wala sio mambo ya kigeni haya. Wamatengo wa Mbinga kule Ruvuma na ngolo zao, yaani mashamba yao ya mashimo na matuta, wanafyeka nyasi masika yakielekea mwisho, wanazilaza chini kwa mistari inayokatana mpaka shamba lote linakuwa viboksi, halafu wanachimba udongo wa katikati ya kila boksi na kufunika zile nyasi, wanapanda maharage juu ya matuta. Nyasi zinaozea pale pale chini ya mimea, mashimo yanashika maji ya mlimani yasibebe udongo. Bukoba nako kwenye kibanja wanatandaza nyasi chini ya migomba miaka na miaka. Wote hao wanajua jani linatakiwa kurudi ardhini, na hakuna anayepima joto kwa fimbo.

Utajua imeiva ukishindwa kutambua hili lilikuwa jani la nini. Ipitishe kwenye wavu wa kuchekechea mchanga wa ujenzi, ile laini tandaza sentimita 3 mpaka 5 juu ya tuta la mchicha au matembele, au changanya na kichanga ujaze viriba vya miche. Iliyooza nusu usiichimbie ndani ya udongo, wadudu watachukua naitrojeni ya pale kumalizia kazi yao na mimea yako itageuka njano, hiyo iweke juu kama matandazo kuzunguka ndimu na papai, ila isiguse shina. Na yale mapande yaliyogoma kupita kwenye wavu yarudishe kwenye lundo jipya, yanaingia na kuvu wake tayari na lundo hilo linaanza kuoza mapema zaidi.