Jina la babu halikubadilishwa Ellis Island

Anayetafuta ukoo wake Marekani akikwama, huwauliza wenzake: "Karani wa Ellis Island alimbadilishia babu jina, sasa nitampataje?" Swali hili halichoki kurudi, na hadithi iliyo nyuma yake si ya kweli.

Kituo hicho cha uhamiaji kwenye bandari ya New York kilifunguliwa mwaka 1892, kikafungwa 1954. Maofisa wake hawakuwa na kazi ya kuandika majina upya. Orodha ya abiria ilikuwa imeshaandaliwa na kampuni ya meli kule safari ilikoanzia. Ofisa alikuwa nayo mbele yake, akimhoji msafiri na kulinganisha majibu na yaliyoandikwa. Lugha nayo? Kituo kiliajiri wakalimani.

Majina yalibadilika, ndiyo, ila waliobadilisha ni wenye majina wenyewe, wengi wao baadaye: walipotafuta kazi, walipoandikisha watoto shule, au walipoomba uraia. Pengine kumsingizia karani kulikuwa rahisi kuliko kuwaeleza wajukuu sababu.

Kwa hiyo muulizaji aanze na faili la uraia. Fomu zilizokuja na sheria ya 1906 ziliuliza tarehe na mahali pa kuzaliwa, jina la meli na siku ya kufika. Akishapata meli na siku, asitegemee tena kutafuta kwa jina, maana hata walionakili orodha hizo kwenye kompyuta walikosea herufi. Afungue picha ya orodha yenyewe, aisome mstari kwa mstari, akiangalia umri wa babu, kijiji alikotoka na jina la ndugu ambaye babu alikuwa akimfuata Marekani. Babu Black huenda yumo, ameandikwa Schwarz, neno la Kijerumani lenye maana ileile ya "nyeusi".