"Ni Uzee Tu": Kauli Inayochelewesha Tiba ya Sonona kwa Wazee

"Ni uzee tu, daktari." Tunaisikia kauli hii mno kliniki, mtu anapomleta mzazi asiyelala, asiyekula, anayelalamikia maumivu yasiyoonekana kwenye vipimo. Uzee peke yake haumkatishi mtu tamaa ya kuishi; huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito au kukosa hamu ya mambo kusikoisha.

Mwanasaikolojia Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ameonyesha kwamba mtu akihisi muda uliobaki si mwingi, hupunguza watu wa kujuana tu na kubaki na wa moyoni. Wengi hisia zao hutulia kuliko walipokuwa vijana. Kwa hiyo bibi aliyeacha kwenda kila harusi ya mtaani huenda amechagua tu, na mwacheni.

Wasiwasi uanze anapowakwepa hata hao wa moyoni. Mjukuu kipenzi haitwi tena, shoga yake wa miaka yote akibisha hodi anaambiwa bibi amelala, na hali hiyo inadumu wiki mbili au zaidi. Hapo tunashuku sonona. Mzee mwenye sonona mara nyingi hatamki kwamba ana huzuni. Atataja mgongo, tumbo, moyo kwenda mbio, au ataanza kusahau na kukasirika ovyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 14 ya watu wenye miaka 70 na zaidi wana tatizo la afya ya akili, na mengi hayatambuliki.

Kufiwa na mwenza, kiharusi na kisukari vinachangia. Kutosikia vizuri nako kunaumiza kuliko familia zinavyodhani: watu huchoka kurudia maneno, wakaacha kabisa kumsemesha. Kuna pia mzee anayetumiwa pesa kila mwezi lakini haulizwi lolote, hata posa ya mjukuu anaisikia kwa majirani. Huyo ana matunzo, hana nafasi.

Sonona inatibika hata katika umri wa miaka 80, kwa ushauri nasaha, dawa, au vyote viwili. Mkija hospitali, leteni dawa zote anazotumia, zikiwemo za presha na za asili.

Mzee kusema azikwe wapi au shamba ligawanywe vipi ni jambo la kawaida; msikilizeni. Lakini akisema amechoka kuishi, au ni mzigo kwenu, msimnyamazishe kwa "usiseme hivyo, baba." Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa na sumu za shambani ziondolewe karibu naye, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.