"Mimi na Mungu wangu tu": dhana zetu potofu kuhusu kuwa karibu na Mungu

Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha usharika wetu, na daftari la marejesho limenifundisha mengi ambayo darasa la kipaimara halikunifundisha. Mwaka juzi kaka mmoja, mwimbaji mzuri na mtu asiyekosa mkesha, alikopa, muda wa kurejesha ukapita. Nilipomfuata baada ya ibada ya pili akanijibu kwa utulivu kabisa: "Dada, hayo mimi na Mungu wangu tumeshayamaliza." Nikabaki na kalamu mkononi. Mungu si mwanachama wa kikoba chetu, sasa niandike nini?

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitega sikio kila watu wanapotaja "uhusiano binafsi na Mungu". Jambo lenyewe ni la kweli na ndilo moyo wa imani yetu. Ila tumelibebesha mizigo isiyo yake.

"Hayo ni mambo ya walokole"

Hili husemwa zaidi na sisi wa makanisa ya zamani, Walutheri, Waanglikana na Wakatoliki, kana kwamba kumjua Mungu kwa karibu ni mtindo ulioletwa na maspika ya mahema ya injili. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliandika Maungamo yake karibu na mwaka 400, na kitabu chote anazungumza na Mungu moja kwa moja, kama mtu anayemsimulia rafiki maisha yake. Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania wa karne ya 16, alieleza sala kuwa ni mazungumzo ya mara kwa mara, faraghani, na yule tunayejua kwamba anatupenda. Na hao walitanguliwa na Zaburi.

Hata neno "mlokole" halikuzaliwa nje ya makanisa ya zamani. Limetoka Uganda, kwenye Kiganda, ambako balokole ni waliookoka. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi alikutana na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda. Wote wawili walikuwa Waanglikana, na wote wawili walikuwa wamechoka na Ukristo wa jina. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Moto uliowaka kutokana na urafiki wao ndio tunaouita Uamsho wa Afrika Mashariki. Ulivuka hadi Burundi, Kenya, na kwetu Kagera, ambako uliwalea watu kama Josiah Kibira, askofu wa Kilutheri wa Bukoba, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Kwa hiyo Mlutheri anayewacheka walokole anawacheka wazee wake mwenyewe.

"Ukiwa karibu na Mungu, utajisikia"

Dhana hii imewaumiza wengi kimya kimya. Mama anafiwa na mtoto, anaenda kuomba, maneno hayatoki, machozi hayatoki, anahisi anaongea na dari. Anarudi nyumbani akiamini Mungu amemtupa, na kanisani hathubutu kusema kwa sababu wenzake wote wanaonekana "wameguswa".

Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani. Haina pambio la ushindi mwishoni, na bado ipo kwenye Biblia, na bado ni sala. Mama Teresa wa Kolkata alifariki mwaka 1997, na mwaka 2007 barua zake kwa waungamishi wake zilipochapishwa, dunia ilishangaa kusoma kwamba kwa karibu miaka 50 alikuwa akiomba bila kuhisi uwepo wa Mungu. Aliamka alfajiri akaomba, kisha akaenda kuwaosha watu waliokuwa wakifa barabarani. Wapo waliosema barua zile zinaonyesha alikuwa mnafiki. Mimi naona kinyume chake. Mnafiki angeacha mapema, au angejitungia shuhuda.

Hisia si kitu kibaya. Mimi mwenyewe nyimbo za Tenzi za Rohoni hunitoa machozi, hasa zikiimbwa bila kinanda. Ila siku chozi lisipotoka, Baba Yetu haipungui uzito.

"Aliye karibu na Mungu, mambo yake hunyooka"

Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu dhana hii ina biashara nyuma yake. Imehubiriwa hadi imekuwa kipimo: fulani amejenga, kwa hiyo yuko vizuri na Mungu, fulani kafukuzwa kazi, kuna mahali amemfungulia shetani mlango.

Turudi kwa hao watu wa Uamsho. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikuwa mwalimu na mhubiri pale Gahini, mtu wa maombi marefu. Januari 1936 alikwenda Kampala akiwa na ujumbe kwa sinodi ya kanisa, kwamba kanisa liamke usingizini. Akashikwa na homa, akafariki kabla hajausema. Hakuna aliyesema hakuomba vya kutosha. Neno lake, zukuka, yaani amka, ndilo lililosambaa.

Kule Kenya, wakati wa vita vya Mau Mau katika miaka ya 1950, ndugu wa Uamsho miongoni mwa Wakikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wakisema wameshakunywa damu ya Yesu na hawawezi kuongeza nyingine. Wengi wao wakakataa pia bunduki za serikali ya kikoloni. Matokeo yake walishukiwa na pande zote mbili, na baadhi waliuawa. Mtu anaweza kubishana nao kuhusu siasa, na wapo Wakenya wanaobishana nao hadi leo. Lakini hakuna awezaye kusema imani iliwanyooshea mambo.

Na Janani Luwum. Aliokoka Januari 1948 akiwa mwalimu wa shule kaskazini mwa Uganda, akaja kuwa askofu mkuu wa Kianglikana mwaka 1974, wakati wa utawala wa Idi Amin. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake waliandika barua ya kupinga mauaji na dhuluma. Tarehe 16 mwezi huohuo alikamatwa. Serikali ikatangaza kwamba amekufa kwa ajali ya gari. Waliouona mwili wake waliona matundu ya risasi.

Paulo naye aliomba mara tatu mwiba uondoke mwilini, akajibiwa kwamba neema inamtosha. Mwiba ukabaki. Sidhani kama siku hizi tungempa kipaza sauti siku ya shuhuda.

"Sina muda, hayo ni ya watawa na wastaafu"

Baba Yetu huchukua chini ya dakika moja hata ukiisali taratibu. Julius Nyerere aliongoza nchi na bado alijulikana kwa kwenda misa kila asubuhi. Na Ndugu Lawrence, bradha wa Kikarmeli aliyefariki Paris mwaka 1691, hakuwa padri wala mwalimu. Alikuwa mpishi wa monasteri, na alisema kwamba katikati ya vyungu na kelele za jikoni alikuwa na Mungu sawasawa na alipokuwa amepiga magoti kanisani. Mama lishe anayewasha jiko saa kumi alfajiri anaweza kumwelewa huyo kuliko msomi yeyote.

"Mtumishi ana laini ya moja kwa moja"

Cha ajabu, watu walewale wanaosisitiza uhusiano binafsi ndio wanaopanga foleni ili mtu mwingine awasikilizie Mungu. Kuna mafuta ya upako, maji ya upako, chumvi, na siku hizi hata keki. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja mmoja mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kupita juu ya mafuta yaliyomwagwa chini. Mwaka 2023 msitu wa Shakahola, karibu na Malindi nchini Kenya, ulifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watu walioaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Walikuwemo watoto. Hawa hawakukosa bidii ya kumtafuta Mungu. Walikabidhi masikio yao kwa mtu mmoja.

Barua ya kwanza kwa Timotheo inasema mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, Kristo Yesu. Na Paulo, aliyeruhusu manabii waseme kanisani, aliagiza wazungumze wawili au watatu na wengine wapambanue. Kupambanua hakuna maana ya kukosa imani.

Upande wa pili wa dhana hiihii ni yule asiyehitaji nabii kwa sababu amejiteua mwenyewe. "Mungu ameniambia" ikishatamkwa, mjadala umefungwa. Mabinti wa kwaya wanaijua vizuri: kijana anakuja na uso wa kufunga siku tatu, anasema Bwana amemwonyesha kwamba wewe ni mke wake. Mama mmoja wa umoja wa wanawake alitufundisha jibu lake: "Asante, ngoja anionyeshe na mimi."

Hata ndugu wa Uamsho hawakupona ugonjwa huu. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, mmoja wao William Nagenda aliyekuja kuwa mhubiri mkubwa. Walikuwa wakiamka kabla hakujapambazuka kuomba na kuhubiri, na uongozi ukawakataza. Ukisoma habari zile unaona ukali wa uongozi, na unaona pia vijana waliokuwa na hakika mno kwamba wao tu ndio wenye nuru. Sijui mimi ningekuwa upande gani. Labda ningekuwa nimelala.

"Ni kati yangu na Mungu wangu"

Hii ndiyo dhana ya kaka wa kikoba, na nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo inayofanana zaidi na ukweli. Yesu mwenyewe alisema ingia katika chumba chako cha ndani, funga mlango, usali mbele za Baba yako aliye sirini. Kwa hiyo faragha ipo. Ila aliyesema hivyo ndiye aliyesema pia, sura moja tu nyuma, kwamba ukiwa umeshafika madhabahuni na sadaka yako, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka palepale uende kwanza ukapatane naye. Angalia nani ana neno juu ya nani. Hasemi kama wewe una kinyongo. Anasema kama yeye anakudai.

Zakayo alipompokea Yesu nyumbani kwake hakutoa ushuhuda wa jinsi moyo wake ulivyopata amani. Alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu anamrudishia mara nne. Ndipo Yesu akasema wokovu umefika nyumba hii. Kama mweka hazina, napenda sana sura hiyo.

Mwishoni mwa mwaka 1933 kulikuwa na mkutano wa maombi Gahini, na siku ya mwisho watu wakaanza kuungama mmoja baada ya mwingine, saa zikapita. Kilichowashtua majirani katika miaka iliyofuata hakikuwa machozi. Vitu vilivyoibwa vilirudishwa, madeni yakalipwa, watu waliochukiana wakaenda kupigiana hodi. Waliita jambo hilo kutembea nuruni, kutoka waraka wa kwanza wa Yohana, ambapo nuru na ushirika wa sisi kwa sisi vimefungwa katika sentensi moja. Kweli, wengine walipitiliza, wakaungama hadharani mambo ya kuwaaibisha wenzao, na malalamiko yalikuwepo. Lakini walielewa kitu ambacho sisi tumekisahau: Mungu akikusamehe deni la jirani, jirani bado hajapata hela yake.

Festo Kivengere, mwalimu kutoka kusini magharibi mwa Uganda, baadaye askofu wa Kigezi, aliokoka mwaka 1941. Alikuwa akimchukia mzungu mmoja wa misheni. Akapanda baiskeli, maili kama 50, hadi kwa huyo mzungu, akamwambia: nilikuwa nakuchukia, nimekuja kuomba msamaha. Angeweza kumaliza jambo hilo na Mungu wake chumbani, akaokoa na tairi.

Miaka mingi baadaye, akiwa mhubiri anayejulikana, alipenda kujisimulia kisa kingine. Alikuwa amegombana na mkewe, Mera, na zilibaki dakika kama 20 aingie kuhubiri. Ndani yake akasikia Roho akimwambia arudi kwanza akaombe na mkewe. Akajitetea kwamba watu wanamngoja, atahubiri kwanza, na hayo ya nyumbani atayatengeneza akirudi. Akajibiwa: sawa, wewe nenda ukahubiri, mimi nitabaki hapa na mkeo.

Alirudi kwa Mera.

Kaka yetu wa kikoba bado anaimba besi, na Jumapili iliyopita ndiye aliyetuongoza kwenye sala ya toba. Ukurasa wake katika daftari langu sijaufunga. Nimeandika tu tarehe, na mbele yake, kwa penseli: "Anasema wameshamaliza. Nasubiri risiti."