Hatasema mwenyewe, muulize

Wiki hii tena daktari mwenzangu kaniambia: "Mimi mambo ya chumbani siulizi. Akiwa na shida atasema mwenyewe." Akaisindikiza na mficha uchi hazai. Methali nzuri, ila kwa nini mzigo wa kuanza aubebe mgonjwa?

Hasemi. Anaeleza mgongo, usingizi, kikohozi. Anainuka, anashika kitasa, ndipo: "Halafu daktari, kuna jambo moja dogo..." Nimebakiwa na dakika mbili na foleni iko nje.

Mwingine hata kitasani hasemi, anaacha dawa. Presha inapanda kila akija, tunamwongezea dozi ya vidonge ambavyo hamezi, kwa kuwa tangu avianze uume hausimami vizuri. Baadhi ya dawa za presha na za sonona huleta hilo, na zinabadilishika. Pengine wala si dawa: mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo ikianza kuziba, shida ya kitandani inaweza kutangulia maumivu ya kifua kwa miaka. Kumjibu "ni umri huo" ni uzembe.

Kuhusu klamidia, ugonjwa wa zinaa, niseme kwa ufupi: mara nyingi haina dalili. Unayemsubiri alalamike hana cha kulalamikia.

Kinachoniudhi zaidi ni swali lenyewe. "Umeoa?" ni swali la fomu. "Una mwenzi mmoja tu, sivyo?" Hiyo "sivyo" imeshamjibia! Mimi husema: "Wagonjwa wengi wa kisukari huniambia tendo la ndoa limebadilika. Kwako vipi?" Kisha nanyamaza. Anakunja cheti, anakikunjua, anakikunja tena. Usimsaidie. Ukijaza ukimya ule kwa maneno yako, atakushukuru na kuondoka na siri yake.

Mwenzi wake akiwa pembeni, nakiri, hukwama. Nikimtoa nje naamsha tuhuma, nikimwacha napewa uongo.

Na kuna mama wa miaka 70 niliyemruka mwaka mzima, nikidhani namstahi. Siku moja akaniambia mwenyewe, macho sakafuni, kwamba tendo linamuuma. Ukavu wa uke, basi. Nikamwandikia krimu ya estrojeni, homoni ya kike. Akaitazama karatasi, akaniuliza kwa nini sikumpa mapema, maana mumewe alishahamia chumba cha wageni.