Je, Wanawake wa Kale Ulaya Wote Walikuwa na Viuno Vyembamba?

Watu wengi wakiona magauni ya Ulaya ya karne ya 18 na 19 kwenye makumbusho huamini kwamba wanawake wa enzi hizo wote walikuwa wadogo. Ni rahisi kuamini hivyo, maana sanamu zilizovalishwa ni nyembamba kweli.

Lakini kilichobaki si kila kilichovaliwa. Kitambaa kilikuwa ghali, hivyo gauni pana lilifumuliwa na kushonwa upya, ilhali dogo, mara nyingi la msichana au la harusi, lilikosa wa kulirithi likabaki sandukuni. Sanamu nayo huchongwa au kujazwa pamba ifuate gauni, kwa kuwa nguo kuukuu haivutwi. Mwili tunaouona ni kazi ya mtunzaji wa makumbusho. Ndiyo maana nafurahi makumbusho yanapoonyesha sanamu za maumbo tofauti.

Kimo cha wastani kilikuwa kifupi kidogo, ni kweli. Kuhusu unene, tazama picha za kamera za karne ya 19: wanene wamo. Kisha soma vipimo vya magauni kwenye orodha ya vitu vya makumbusho mtandaoni, ujipime kiuno kwa tepu ya fundi cherehani, ulinganishe.